Nyumba Ina Bima, Lakini Bima ya Kiasi Gani?

Moto ukishazimwa, swali la kwanza la mwenye nyumba huwa ni kama kampuni ya bima italipa. Mara nyingi italipa. Swali linaloumiza huja wiki kadhaa baadaye, mkadiriaji wa hasara akishapita vyumbani na kuandika ripoti yake: mbona wanalipa kidogo hivi? Katika kazi hii ya kukadiria hasara nimekutana na watu waliolipa ada ya bima kila mwaka bila kuruka, wasiodanganya lolote, waliotoa taarifa siku ileile, na bado wakaondoka na fedha zisizotosha hata kupaua. Hawakudhulumiwa. Kilichowaangusha ni tarakimu iliyo kwenye fomu ya maombi, pale panapoandikwa thamani ya jengo, ambayo waliijaza wenyewe au walijaziwa na wakala wakatia sahihi.

Hati ya bima ya nyumba ina vifungu vingi vinavyoweza kumnasa mtu, na nitavigusa. Lakini nitakaa zaidi kwenye tarakimu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayomgusa kila mwenye nyumba, wa Masaki na wa Mbagala, na ndiyo isiyoelezwa.

Chukua mfano. Nyumba ya vyumba vinne iko Tabata, na kuijenga upya leo, kutoka msingi hadi rangi, kungegharimu shilingi milioni 200. Mwenyewe ameikatia bima ya milioni 120. Mtungi wa gesi unavuja, jiko na sebule vinaungua, ukarabati unakadiriwa kuwa milioni 50. Mwenye nyumba anapiga hesabu yake: hasara ni 50, bima ni 120, basi nitalipwa zote. Kampuni inapiga nyingine. Inagawa 120 kwa 200, inapata asilimia 60, kisha inalipa asilimia 60 ya hasara, yaani milioni 30. Kutoka hapo inakata ekses, ile sehemu ya kwanza ya kila hasara ambayo mkataba unamtaka mwenye bima aibebe mwenyewe. Zilizobaki, zaidi ya milioni 20, atazitafuta anakojua.

Hicho ndicho kifungu cha uwiano, na ni cha kawaida katika hati za bima ya moto, Tanzania na Kenya. Mantiki yake naitetea. Moto mwingi hauteketezi nyumba nzima. Huunguza chumba kimoja, au paa, au upande wa jikoni. Kama kila mtu angeweza kukatia bima nusu ya nyumba na bado akalipwa kikamilifu kila hasara ndogo inapotokea, nani angelipia nyumba nzima? Mfuko unaotoa fidia ungebebwa na wale waliotaja thamani ya kweli. Kwa hiyo mkataba unasema kwamba aliyekatia tatu ya tano amekubali kubeba mbili ya tano mwenyewe, katika kila hasara, kubwa au ndogo.

Ninachokipinga ni namna bima hii inavyouzwa. Mteja anataka ada ndogo. Wakala anataka mteja asiondoke. Tarakimu ikishuka, ada inashuka, wote wawili wanafurahi, na pale mezani hakuna mtu mwenye sababu ya kuipandisha. Kifungu cha uwiano kimo kwenye kurasa za ndani, kwa maandishi madogo na mara nyingi kwa Kiingereza cha kisheria, na mteja anapewa risiti na jedwali la bima tu, ile karatasi yenye jina lake, anwani, kiasi na tarehe. Hati kamili anaiona kwa mara ya kwanza siku ya madai. Mtu aliyelipa hadi senti ya mwisho anastahili kuelezwa jambo hili kwa Kiswahili, kwa mfano wa hesabu, kabla hajatia sahihi. Ningetamani iwe ni sharti.

Tarakimu yenyewe huharibika kwa njia zinazojirudia. Ya kwanza ni kuandika bei ya kununulia. Bei ya nyumba ni jengo pamoja na kiwanja, na kiwanja hakiungui. Oysterbay au Nyali, sehemu kubwa ya bei ni ardhi na mahali ilipo. Anayekatia bima bei nzima anaulipia mchanga ada kila mwaka, na nyumba ikiteketea hatapata zaidi ya gharama ya jengo, hata kama jedwali lina tarakimu kubwa. Fidia humrudisha mtu alipokuwa, haimpi faida. Nenda sasa Korogwe, au Kasulu, au mji mdogo wowote ambako soko la nyumba limelala. Huko jengo zuri la tofali za saruji, vigae na vyoo vya ndani linaweza kuuzwa kwa bei iliyo chini kabisa ya gharama ya kulijenga. Mwenyewe akiandika bei ya soko, kifungu cha uwiano kinamsubiri. Kosa ni lilelile, matokeo yanakwenda pande mbili.

Njia ya pili ni ya wale waliojenga pole pole, na ndio wengi wetu. Msingi ulimwagwa mwaka 2009, kuta zikapanda 2012, paa likaja 2014, familia ikahamia 2016 madirisha mawili yakiwa bado yamezibwa kwa mbao. Mtu huyu akiulizwa nyumba ilimgharimu kiasi gani hujumlisha kumbukumbu zake: saruji ya bei ya wakati ule, nondo za wakati ule, fundi aliyekubali kulipwa kidogo kidogo, shemeji aliyesaidia kuchimba karo bila malipo. Jumla hiyo ni ya kweli, na anayo haki ya kujivunia. Lakini haijengi nyumba leo. Nyumba iliyoungua haijengwi kwa miaka saba. Familia haina pa kulala, mkandarasi anataka malipo ya awali, vifaa vinanunuliwa vyote kwa mkupuo kwa bei ya mwezi huo. Waliojenga kwa awamu ndio walio hatarini zaidi kuandika thamani ndogo, kwa sababu wanaikumbuka kila shilingi iliyotoka mfukoni na hawajawahi kuiona bei ya nyumba nzima imesimama mahali pamoja.

Njia ya tatu ni kuiacha tarakimu izeeke. Bima huhuishwa kila mwaka kwa ujumbe wa simu na malipo ya simu, na kiasi kinabaki kilekile. Wakati huo nyumba imeongezwa chumba cha watoto, uzio umeinuliwa, geti la chuma limewekwa, tangi la lita 5,000 liko juu ya mnara, paneli za sola zimepandishwa juu ya paa. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa.

Basi tarakimu sahihi ni ipi? Ni gharama ya kuijenga nyumba ileile, palepale, kwa bei za leo, pamoja na mambo yanayosahauliwa: kubomoa kuta zilizobaki na kusomba kifusi, ada za mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi, kibali cha ujenzi, uzio, karo, kisima. Kusomba kifusi peke yake, hasa kwenye mtaa finyu wa Kariakoo au Mji wa Kale wa Mombasa ambako lori halipiti, kunaweza kula fedha nyingi, na hati nyingi hazilipii kazi hiyo mpaka iwe imetajwa. Anayeweza kukupa tarakimu hiyo ni mkadiriaji majenzi au mthamini aliyesajiliwa. Na ukikopa benki kwa dhamana ya nyumba huenda unayo tayari bila kujua: ripoti ya mthamini kwa ajili ya mkopo nchini Tanzania kwa kawaida hutaja thamani ya soko, thamani ya mauzo ya haraka, na thamani kwa ajili ya bima. Tatu hizi hutofautiana sana. Nimeona fomu za bima zilizonakili ile ya katikati, thamani ya mauzo ya haraka, ambayo mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote.

Kuna swali jingine linalokaa ubavuni mwa tarakimu: kampuni imeahidi kulipa nini hasa, gharama ya kujenga upya au thamani baada ya kuchakaa? Mabati yaliyokaa juu ya nyumba miaka 15 yakiungua, mkataba wa aina ya kwanza unakununulia mabati mapya. Wa aina ya pili unakukata kwa uchakavu wa miaka 15, na unabaki na fedha za nusu paa. Tofauti ya ada kati ya mikataba hiyo si kubwa kiasi cha kumfanya mtu achague wa pili kwa makusudi. Watu huingia humo kwa kutouliza. Na mkataba wa kujenga upya nao una sharti lake: lazima ujenge kweli, ndani ya muda uliowekwa. Ukiamua kuchukua fedha ukanunue kiwanja kwingine, kampuni ina haki ya kukurudisha kwenye thamani ya uchakavu.

Sasa tutoke kwenye kiasi tuingie kwenye majanga yenyewe. Bima ya moto iliyo ya msingi kabisa hulinda dhidi ya moto, radi, na mlipuko wa gesi ya nyumbani. Mengine yote, yaani dhoruba, mafuriko, tetemeko, gari kuparamia ukuta, ghasia, bomba kupasuka, ni nyongeza. Kampuni nyingi huyafunga pamoja kwenye bima ya nyumba, nchini Kenya yakiuzwa kama kifurushi chenye sehemu za jengo, vyombo vya ndani, vitu vinavyobebwa nje ya nyumba, wafanyakazi wa nyumbani chini ya sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na dhima ya mwenye nyumba kwa watu wengine. Lakini kifurushi hakina maana kwamba kila kilichomo umekinunua. Sehemu isiyoandikiwa kiasi kwenye jedwali ni sehemu usiyo nayo.

Maji ndiyo yanayoleta ubishi mwingi kuliko moto. Moto ni moto. Maji yana asili, na mkataba unauliza yametoka wapi. Bomba lililopasuka ndani ni jambo moja, mvua iliyopenya kwenye paa bovu ni jingine, mto uliofurika ni la tatu, na ardhi iliyotelemka kwa sababu ya mvua ni la nne. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na makazi yakafunikwa. Kwa aliyeokoka siku ya namna hiyo, ni uchungu kuulizwa kama nyumba yake ilichukuliwa na mafuriko au na maporomoko ya ardhi. Hata hivyo hati nyingi hukubali la kwanza na kuacha nje la pili, na mtu anayeishi chini ya mlima, iwe Hanang, Lushoto au Same, hana budi kusoma maneno hayo mawili kabla ya masika. Vivyo hivyo tetemeko. Lile lililoupiga mkoa wa Kagera tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilibomoa na kupasua maelfu ya nyumba katika eneo ambalo wenyeji wengi hawakuwahi kuliwaza kama la matetemeko. Nyongeza ya tetemeko haina gharama kubwa. Iulizie.

Mahali nako kuna uzito. Mabonde ya Dar es Salaam yanajulikana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwahamishia Mabwepande baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi. Kampuni inayokubali kukatia bima nyumba ya bondeni inaweza kuandika kwa mkono kwenye jedwali kwamba mafuriko hayamo, au kwamba ekses ya mafuriko ni kubwa mno. Maandishi hayo ya nyongeza yana nguvu kuliko kitabu kilichochapwa. Soma kwanza yale yaliyoandikwa kwa ajili yako peke yako, kisha ndipo urudi kwenye yaliyochapwa kwa ajili ya wote.

Kwa msomaji aliyenunua nyumba Marekani, na najua wapo, Houston na kwingineko: bima ya kawaida ya nyumba huko haihusishi mafuriko. Kabisa. Mafuriko hukatiwa bima tofauti, kwa sehemu kubwa kupitia mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, wenye kikomo cha dola 250,000 kwa jengo la makazi na dola 100,000 kwa vyombo, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005 familia nyingi za pwani ya Mississippi na Louisiana ziliingia kwenye kesi ndefu juu ya swali moja: upepo ndio ulioangusha nyumba, au maji ya bahari? Upepo ulikuwa ndani ya mkataba, maji hayakuwemo, na mara nyingi kilichobaki cha kuchunguza kilikuwa msingi mtupu uliooshwa. Anayeangalia habari za kimbunga televisheni na kukimbilia simu kununua bima ya mafuriko amechelewa.

Ghasia nazo zina mipaka yake. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wenye nyumba na biashara zilizochomwa waligundua kwamba hati zao zilitenganisha vurugu za kawaida na machafuko ya kisiasa yaliyofikia kiwango cha uasi wa umma. Tangu hapo bima ya ghasia za kisiasa na ugaidi imekuwa ikiuzwa peke yake. Anayeishi karibu na mitaa inayojulikana kwa maandamano aitafakari mapema, maana siku ya ghasia hakuna atakayemwuzia.

Kuna hasara za kila siku ambazo watu hudhani zimo na hazimo. Umeme umekatika, umerudi kwa nguvu, friji na televisheni vimekufa. Bima ya moto hailipi kifaa kilichojiunguza chenyewe kwa hitilafu ya umeme. Inalipa moto ukitoka humo na kusambaa. Ukitaka vifaa vilindwe dhidi ya umeme, omba nyongeza hiyo kwa jina. Kisha kuna kila kinachokwenda taratibu: mchwa, unyevu, nyufa, chumvi ya bahari inayokula nondo hadi zege linabanduka. Wakazi wa pwani tunaishi na adui huyu. Bima hulipia la ghafla, lisilotarajiwa. Jengo la Beit al-Ajaib kule Mji Mkongwe, Zanzibar, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa, bila moto, bila tetemeko. Mfano mchungu wa jinsi jengo la mawe na chokaa linavyoweza kushindwa baada ya kuchoka kwa muda mrefu. Mwenye nyumba ya kale akija kwangu na ukuta ulioanguka, jambo la kwanza nitakaloulizwa na kampuni ni lini ulitengenezwa mara ya mwisho. Wekeni risiti za ukarabati.

Wizi una kifungu kimoja kinachowaumiza akina mama kuliko wote: lazima pawe na dalili za kuvunja. Kitasa kilichong'olewa, grili iliyokatwa, dirisha lililopasuliwa. Ufunguo wa bandia hauachi dalili. Binti wa kazi aliyeondoka na mkoba hajavunja kitu, na mpangaji wa chumba cha uani aliyeingia mlango ukiwa wazi hajavunja kitu. Dhahabu nayo ina kikomo cha kitu kimoja kimoja. Bangili na mikufu isiyoorodheshwa kwa uzito na thamani italipwa kwa kiasi kidogo kuliko ilivyo, na ikiibwa harusini, nje ya nyumba, hailipwi kabisa isipokuwa umenunua sehemu ya vitu vinavyobebwa. Piga picha, pima kwa sonara, peleka orodha kwa kampuni. Fedha taslimu chini ya godoro usizihesabu.

Niende kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu litaleta madai mengi yatakayokataliwa siku zijazo: nyumba kubadili matumizi bila kampuni kuambiwa. Mkataba wa bima unasimama juu ya wajibu wa kusema kweli yote inayoweza kubadili uamuzi wa anayekubali hatari. Nyumba iliandikwa kuwa makazi ya familia. Baada ya mwaka, upande wa barabarani zimejengwa fremu tatu: saluni, duka la rangi, na wakala wa mitungi ya gesi. Kodi inasaidia ada za shule, na hakuna kosa lolote ndani yake. Ila kwa kampuni hiyo si nyumba ileile tena. Rangi na gesi chini ya chumba cha kulala vingepandisha ada, au vingefanya maombi yakataliwe. Moto ukianzia kwenye fremu, na hata ukianzia kwingine, kampuni ina hoja nzito. Taarifa ya barua moja ingeondoa hoja hiyo. Hali kadhalika paa la makuti, ambalo kampuni lazima ijue, vyumba vilivyogeuzwa kuwa vya wageni wa siku mbili tatu kupitia mtandao, na ujenzi. Unapopandisha ghorofa juu ya nyumba iliyopo, bima ya nyumba hailindi kazi ya ujenzi. Hiyo ina bima yake, inayokatwa na mkandarasi au na wewe mwenyewe.

Na nyumba tupu. Ndugu zetu walioko Muscat, London, Minneapolis wamejenga nyumba nzuri Kigamboni, Kibaha, Kikambala, na wanazikatia bima kwa nia njema. Hati nyingi husema nyumba isiyokaliwa kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30 mfululizo, hupoteza kinga ya wizi, ya kupasuka kwa bomba na ya uharibifu wa makusudi. Nyingine huenda mbali zaidi. Mlinzi anayelala kibandani getini hahesabiwi kuwa mkazi, isipokuwa kampuni imekubali hivyo kwa maandishi. Mtu anayekuja nyumbani kila Desemba anapaswa kuieleza kampuni hivyo hivyo: nyumba haikaliwi miezi kumi na moja, mlinzi yupo, maji hufungwa kwenye mita, jirani ana funguo. Atatozwa zaidi. Atakuwa na bima ya kweli.

Kwa waliokopa, benki hudai bima ya jengo na mara nyingi huikata yenyewe kama wakala wa kampuni ya bima, ada ikiingizwa kwenye marejesho. Mambo mawili huchanganywa hapo. Bima ya mkopo hulipa deni mkopaji akifariki, haijengi ukuta. Bima ya jengo hujenga, lakini benki imeandikwa kuwa wa kwanza kulipwa, na vyombo vyako vya ndani havimo. Ikitokea benki ilikata bima ya kiasi cha deni tu, mathalani milioni 80 kwa nyumba ya milioni 200, kifungu cha uwiano kitaingia tena, na safari hii fedha pungufu zitapita kwanza mikononi mwa benki. Omba nakala ya jedwali. Ni haki yako, wewe ndiye unayelipa ada.

Nyumba za urithi zinahitaji aya yake. Mzee amefariki, hati ya umiliki bado ina jina lake, mirathi haijafungwa, kaka mkubwa anaishi humo na ndiye anayelipia bima kwa jina lake peke yake. Sheria ya bima inamtaka anayelipwa awe na maslahi katika kilichoharibika, na analipwa kwa kadiri ya maslahi yake. Kama yeye ni mmoja wa warithi watano, fidia ya nyumba nzima kwa jina lake italeta maswali kampuni, kisha italeta ugomvi nyumbani. Msimamizi wa mirathi aandikwe kwa niaba ya warithi wote. Kwa nyumba za ghorofa zenye wamiliki wengi, chini ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 na ile ya Kenya ya mwaka 2020, ulizia bima ya jengo zima inasimamiwa na nani na kwa kiasi gani. Bima ya ndani ya mlango wako haigusi paa, ngazi wala lifti.

Wanaochagua takaful, yaani bima ya Kiislamu, ambayo nchini Kenya ina kampuni yake tangu 2011, wachukue tahadhari zilezile. Mfuko unaendeshwa kwa misingi mingine, lakini thamani iliyoandikwa, majanga yaliyotajwa na wajibu wa kusema kweli havibadiliki.

Janga likitokea, piga simu Zimamoto, 114 kwa Tanzania, kisha toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo, kwa simu na kwa maandishi. Zuia hasara isiongezeke: funika paa kwa turubai, funga maji, weka mlinzi, na utunze risiti. Usisombe kifusi kabla mkadiriaji hajafika, na piga picha za kila chumba kabla mikono ya msaada haijaingia. Majirani wetu ni wepesi wa kusaidia kufagia, na kwa upendo huo huo hufagia ushahidi. Chukua ripoti ya polisi na ya zimamoto. Tambua kwamba mkadiriaji aliyetumwa analipwa na kampuni. Wengi wetu tunafanya kazi kwa haki, lakini hasara ikiwa kubwa una kila sababu ya kumlipa mkadiriaji majenzi wako aandike gharama kwa upande wako, kifungu kwa kifungu, tofali kwa tofali. Mazungumzo hubadilika kunapokuwa na hesabu mbili mezani.

Mwishoni italetwa hati ya kukubali malipo. Ni ukurasa mmoja, na unasema kwamba umepokea kiasi hiki kuwa malipo kamili na ya mwisho, huna dai jingine. Watu huisaini wakiwa wamechoka, wamelala kwa ndugu miezi mitatu, watoto wamehama shule. Ukiona kiasi ni pungufu, andika barua ukitaka maelezo ya hesabu: thamani waliyoitumia kugawia ilitoka wapi, uchakavu walioukata ni asilimia ngapi, ekses imekokotolewaje. Nyingi ya hesabu hizi hushuka zikiulizwa, hasa ile thamani ya kugawia, kwa kuwa ni makadirio ya mtu na makadirio yanaweza kupingwa kwa makadirio. Unaweza kuomba ulipwe sehemu isiyobishaniwa huku ubishi ukiendelea. Isiposaidia, Tanzania kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima na mamlaka ya usimamizi, TIRA. Kenya kuna mamlaka yao, IRA, inayopokea malalamiko ya wenye bima. Ofisi hizo huanza kwa kuuliza kama hati ya malipo kamili imeshasainiwa, na ikiwa imesainiwa bila sharti lolote kuandikwa, hubaki na kidogo sana cha kufanya.